Sauti Sita kwa Betri Moja: Spika za Nyumba ya Chisenga Zilivyolinganishwa

Spika za nyuma zilisoma desibeli 80. Za mbele zilisoma 72. Aliyekaa kwenye kochi alisikia nyayo za askari nyuma ya kisogo chake kwa nguvu kuliko amri aliyoitoa askari huyo huyo mbele ya macho yake. Mwenye nyumba alikuwa ameishi na hali hiyo kwa msimu mzima, na kila jioni watoto walimwomba arudishe nyuma tena, kwa sababu maneno yalikuwa yamepita bila kusikika.

Nyumba iko Chisenga, kisiwa cha wilaya ya Nchelenge, mkoa wa Luapula, kusini mwa Ziwa Mweru, kwenye eneo ambalo mto Luapula unamwaga maji yake ziwani. Magharibi ni Kongo. Msomaji wa pwani akifika huku atashtuka kusikia Kilwa inatajwa kila mara: kuna kisiwa cha Kilwa upande wa Zambia na mji wa Kilwa upande wa Kongo, mbali kabisa na Kilwa ya Lindi tunayoijua. Lugha ya nyumbani ni Kibemba, lakini Kiswahili cha Katanga kinavuka ziwa pamoja na watu wake, na wageni wa nyumba hii walikizungumza sana. Nayasema haya mapema kwa sababu lugha ya filamu walizokuwa wakiangalia iliingia kwenye kazi yenyewe, kama itakavyoonekana.

Vifaa vilikuwa vimekusanywa kidogo kidogo, kama nyumba nyingi zetu zinavyofanya. Deki ya DVD yenye matundu sita ya sauti nyuma, inayochambua sauti ya filamu yenyewe na kuitoa kwa njia tano pamoja na ya sabufa. Amplifaya ya zamani ya stirio, wati 40 kila upande, ikiendesha maboksi mawili ya mbele. Hii inakula umeme wa inveta. Kibao kidogo cha amplifaya kwa spika ya kati, chenye chipu ya TPA3116, kikiwa kimefungwa moja kwa moja kwenye betri ya volti 12 inayochajiwa na sola. Amplifaya ya gari yenye chipu ya TDA7388 kwa spika mbili za nyuma, nayo kwenye betri hiyo hiyo. Na sabufa yenye amplifaya yake ndani. Amplifaya nne za asili nne tofauti, na sauti moja ya filamu inayotakiwa kupita ndani ya zote bila kupindishwa.

"Fundi, nimeongeza betri, nimenunua na hii ya gari yenye wati nyingi, bado sauti ya mtu haisikiki," aliniambia.

"Papa, betri haina kosa," nikamjibu. "Na wati hatutazigusa leo."

Wati ndizo zinazowapoteza wengi. Wati zilizoandikwa kwenye boksi zinasema amplifaya inaweza kufika wapi kabla haijaanza kukwaruza. Hazisemi itatoa sauti kubwa kiasi gani ukiipa ishara ndogo kutoka kwenye deki. Hilo la pili linaamuliwa na geini, yaani amplifaya inazidisha volti mara ngapi. Amplifaya ya wati 20 yenye geini kubwa itaizidi kelele amplifaya ya wati 100 yenye geini ndogo, zikipewa ishara ile ile. Tena mtu akinunua wati mara mbili ya alizonazo anapata desibeli 3 tu za nafasi ya ziada, ongezeko ambalo sikio linalitambua bila kustaajabu. Ili sauti ionekane kuwa kubwa maradufu zinahitajika desibeli karibu 10, na hizo ni wati mara kumi.

Kwa hiyo nilianza na mita ya kawaida ya fundi, ile ya kupimia volti. Nilikuwa na fleshi yenye toni moja ya herzi 200. Kwa nini 200? Kwa sababu mita za bei ndogo zinasema kweli kwenye volti za AC za masafa ya chini, na nyingi zinaanza kudanganya zikivuka herzi 400 au zaidi kidogo. Sikuchukua 50, kwa kuwa inveta nayo inatoa umeme wa herzi 50, na sikutaka mngurumo wake ujichanganye kwenye kipimo. Bezi na trebo za ile stirio nilizirudisha katikati, na kitufe cha kuongeza bezi nikakizima. Ukisahau hili, namba zote zitakazofuata ni bure.

Deki ilitoa volti 0.1 kwenye kila tundu. Nikapima kwenye vituo vya spika, spika zikiwa zimefungwa. Stirio, volyumu yake ikiwa nusu ya mzunguko, ilitoa volti 1.4: imezidisha mara 14, sawa na desibeli 23. Amplifaya ya gari ilitoa volti 2.0: mara 20, desibeli 26. Kibao cha kati kilitoa volti 4.0: mara 40, desibeli 32. Sikushangaa, kwa sababu chipu ya TDA7388 imefungiwa geini ya desibeli 26 kiwandani, na TPA3116 inaruhusu 20, 26, 32 au 36 kwa kubadilisha resista mbili tu kwenye kibao. Aliyekitengeneza kibao hiki alichagua 32.

Hapo palikuwa na swali linalostahili kuulizwa. Ikiwa spika ya kati inapewa volti karibu mara tatu ya zile za mbele, mbona maneno ndiyo yaliyokuwa yanapotea?

Jibu liko kwenye spika zenyewe na mahali zilipokaa. Kila spika ina usikivu wake, yaani unapoipa volti 2.83 inatoa desibeli ngapi mtu akiwa mita moja mbele yake. Maboksi ya mbele, yenye koni ya inchi nane, ni ya desibeli 90. Spika ya kati ilikuwa ndogo, iliyotolewa kwenye seti nyingine, ya desibeli 86. Spika za nyuma ni za gari, za omu 4, na spika za namna hiyo zinakubali volti ndogo kwa urahisi: 91. Kisha umbali. Kwenye uwanja wazi sauti hupungua desibeli 6 kila umbali unapozidishwa mara mbili. Ndani ya nyumba hupungua kidogo zaidi ya nusu ya hapo au karibu na hapo, kutegemea kuta, lakini hupungua. Za mbele zilikuwa mita 3 kutoka kwenye kochi, ya kati mita 2.8, na za nyuma mita moja na nusu tu, zikiwa zimepigiliwa ukutani usawa wa masikio ya watu.

Basi nikaweka simu kwenye kochi, juu ya mto uliokunjwa, usawa wa sikio, bila kuishika mkononi. Programu ya kupima sauti nikaiweka kwenye mizani ya C na mwendo wa polepole. Simu haiaminiki ikikwambia hii ni 72 hasa. Maikrofoni yake haijapimwa na chombo chochote cha kuaminika. Lakini ikikwambia hii imeizidi ile kwa 8, na hujaisogeza, inaaminika vya kutosha. Nasi tulihitaji tofauti tu. Deki ina mvumo wake wa majaribio, ule unaofanana na mvua ya mbali ikipiga bati, unaozunguka kutoka spika moja hadi nyingine. Tulingoja usiku, upepo wa ziwani ulipotulia. Namba zikatoka: mbele kushoto 72, mbele kulia 72, kati 77, nyuma 80 na 80.

Ya kati, kumbe, ilikuwa juu ya zile za mbele kwa 5. Lakini ilikuwa chini ya za nyuma kwa 3, na za nyuma zilikuwa masikioni. Mwenye nyumba, kila sauti za nyuma zilipomkera, alipunguza sauti yote kwenye rimoti, na maneno yakazama pamoja nazo. Ubaya haukuwa udogo wa spika ya kati.

Namna ya kurekebisha ina kanuni moja ninayoisimamia kwa nguvu: shusha iliyo juu, usipandishe iliyo chini. Ukipandisha iliyo dhaifu unapandisha na mchakacho wake, ule wa "shhh" unaosikika filamu inaponyamaza, na unaisogeza karibu na mahali itakapokwaruza. Ukishusha iliyo juu kwenye geini yake, mchakacho unashuka nayo. Kwenye kibao cha kati nilibadilisha zile resista mbili, kikatoka 32 kikawa 26. Desibeli 6 zikaondoka, na ule mchakacho uliokuwa ukisikika hadi mlangoni ukatoweka mpaka uweke sikio karibu na koni.

Amplifaya ya gari haikuwa na nafasi hiyo, geini yake imefungwa. Menyu ya deki ingeweza kuipunguza, lakini ingekula karibu nafasi yote ya marekebisho, na mngurumo ulioingia kwenye waya njiani usingepungua hata kidogo. Nilitengeneza kigawanyo cha volti: resista ya kilo-omu 10 ikitangulia, na ya kilo-omu 6.8 ikishuka kwenye ardhi ya waya, karibu kabisa na tundu la amplifaya. Kila upande resista mbili, bei yake haifiki bei ya soda. Kilichofika ndani kikawa asilimia kama 40 ya kilichoingia, ambayo ni desibeli 8 chini. Za nyuma zikasoma 72.

Kwenye nyumba hii palikuwa na kazi ya pili ya ulinganishaji: mwelekeo wa koni. Amplifaya tofauti zinaweza kugeuza ishara, moja ikasukuma koni nje wakati nyingine inavuta ndani. Betri ndogo ya volti 1.5 ikigusishwa kwenye waya wa spika inakuonyesha kama spika imefungwa sawa, chanya kwa chanya, koni ikisogea nje. Lakini betri haiwezi kukuambia kama amplifaya yenyewe inageuza. Kwa hilo nilipiga mvumo ule ule wa majaribio kwenye kushoto na kati kwa pamoja. Kama zinakubaliana, kipimo kinapanda. Kama zinapingana, kinapanda kidogo mno au kinashuka, na bezi inakuwa nyembamba. Kilishuka. Nikageuza waya wa spika ya kati, kikapanda. Na hapa nawaomba mafundi vijana wasikilize: amplifaya ya gari na vibao vya aina hii vinaendesha spika kwa pande zote mbili, hasi yake siyo ardhi. Ukiunganisha hasi mbili za spika, au hasi moja na bodi ya stirio, chipu inaweza kufa.

Palikuwa pia na mngurumo wa chini, uliotoka kwenye mzunguko wa ardhi: kibao na amplifaya ya gari zinashiriki betri na inveta, huku waya za sauti zikiziunganisha tena kupitia deki. Transfoma ndogo ya kutenganisha kwenye waya wa nyuma iliumaliza.

Sasa nirudi kwenye betri, maana mwenye nyumba alikuwa na hakika kwamba ikishuka usiku ndipo maneno yanapopotea. Geini ya chipu hizi inawekwa na resista zilizo ndani au pembeni yake, haiwekwi na betri. Betri ikishuka kutoka volti 12.7 hadi 11.8, ulinganifu uliopimwa haubadiliki hata nukta. Kinachoshuka ni dari, yaani mahali amplifaya inapoanza kukwaruza. Kwa kuwa uwezo hufuata volti zikizidishwa kwa zenyewe, asilimia kama 14 ya wati zinapotea, na hiyo ni desibeli 0.6 au 0.7. Hakuna sikio litakaloitambua.

Dari ya kibao cha kati, hata hivyo, ilikuwa chini tangu mwanzo, na hili ndilo jambo ambalo ulinganishaji hauwezi kulitibu. Kwa volti 12, amplifaya ya namna hii haiwezi kuipa spika ya omu 8 zaidi ya wati 9 safi, hata ikiwa kamili kinadharia. Za mbele zina wati 40. Hiyo ni tofauti ya desibeli 6.5. Ongeza zile 4 ambazo spika ndogo ya kati inapoteza kwa usikivu wake, na unapata 10.5. Kwa hiyo sauti zote zilikuwa karibu sawa kwenye mvumo wa majaribio, lakini mtu akipiga kelele kwenye filamu, ya kati ilifika darini na kuanza kukwaruza wakati za mbele hazijafika hata theluthi ya njia. Spika zilizolinganishwa kwa sauti ya chini bado zinaweza kuachana kwa sauti ya juu, na ukitaka zisiachane lazima uishi chini ya dari ya iliyo dhaifu.

Kijana wa nyumba alipendekeza betri mbili mfululizo, volti 24. Angepata desibeli 6. Lakini chipu hii imeandikiwa kufanya kazi hadi volti 26, na betri mbili za asidi zikiwa zinachajiwa na sola zinafika 28.8 mchana wa jua. Ingeweza kuungua siku ya kwanza ambayo mtu angeangalia filamu saa saba mchana. Tulifanya la busara zaidi: kwenye chumba cha nyuma kulikuwa na boksi la tatu linalofanana na yale ya mbele, lililokuwa likitumika kama meza ya taa. Likawekwa chini ya runinga. Desibeli 4 zikapatikana bila wati hata moja. Ya kati ikasoma 75, nikaishusha 3 kwenye menyu ya deki, ikasoma 72. Nikarudisha toni na mita: volti 1.4 kwenye spika ya kati, sawasawa na zile za mbele. Spika zilizo ndugu, zikiwa umbali unaokaribiana, zinataka volti zinazofanana. Namba mbili zilizopatikana kwa njia mbili zilikutana, na hapo ndipo nilipokuwa na uhakika kwamba sikujidanganya mahali.

Kwenye menyu niliiandika ya kati kuwa "ndogo" ingawa ni kubwa, ili bezi yake iende kwa sabufa na zile wati 9 zibaki kwa maneno. Umbali wa kila spika nikauingiza. Za nyuma zinacheleweshwa kama milisekunde 4 ili zifike pamoja na za mbele. Kwa sabufa sikuiamini simu, kwa kuwa maikrofoni yake haisikii vizuri chini huko. Niliiweka kwa ngoma ninayoijua, na nikamwonya mwenye nyumba kwamba usiku, akipunguza sauti, bezi itaonekana imepungua zaidi ya sauti nyingine. Harvey Fletcher na Wilden Munson walilionyesha hilo mwaka 1933: sikio la binadamu linaipoteza bezi kwanza sauti inapokuwa ndogo. Asiende kuipandisha kila usiku.

Kisha ukaja mtihani halisi. Wageni kutoka ng'ambo walikuwa na filamu zilizosimuliwa kwa Kiswahili, ule utamaduni ambao Lufufu aliufanya Tanzania na DJ Afro anaufanya Kenya: msimulizi anapanda juu ya sauti ya filamu na kuieleza kwa maneno yake. Filamu hizo zimerekodiwa upya kwa njia mbili tu, kushoto na kulia. Deki ilipozisoma, spika ya kati ikanyamaza kabisa, na za nyuma nazo. Msimulizi akabaki kati ya maboksi mawili ya mbele, sauti yake ikionekana kutoka katikati pasipo na spika inayolia pale. Kwa aliyekaa kochi la katikati, ni kamili, maana kushoto na kulia vimelingana. Kwa watoto waliokaa mkekani kando ya boksi la kulia, msimulizi mzima alihamia kulia. Helmut Haas aliandika juu ya jambo hili katika miaka ya mwisho ya 1940: sikio linafuata sauti iliyotangulia kufika.

Dawa yake ilikuwemo kwenye deki, menyu ya Pro Logic, inayochukua kilicho sawa kushoto na kulia na kukipeleka kati. Tukaiwasha. Msimulizi akahama kutoka hewani akakaa ndani ya boksi chini ya runinga, na watoto wa kila upande wa mkeka wakageuza vichwa kuelekea sehemu moja. Mama wa nyumba, aliyekuwa akikaanga samaki nyuma, akaitika kutoka jikoni kwamba sasa anasikia kila neno.

Volyumu ya stirio nikaipaka rangi nyekundu ya kucha, alama moja juu ya kitufe na moja kwenye bodi, isiguswe tena. Sauti inaongezwa na kupunguzwa kwa rimoti ya deki peke yake, kwa sababu rimoti hiyo ndiyo mkono pekee unaozishika njia zote sita kwa pamoja. Atakayezungusha kitufe cha amplifaya moja ili apate bezi au nguvu zaidi atakuwa amevunja kazi ya usiku mzima kwa vidole viwili.

Kwenye karatasi iliyobandikwa nyuma ya deki nimeandika: mbele 0, kati kupunguza 3, nyuma 0, volti 1.4 kwa herzi 200 mbele na kati, 0.8 nyuma, stirio kwenye alama nyekundu. Nawe ukilinganisha za kwako, andika zako kabla hujazima mita.